Mia Mbili ya Nauli

Nimesoma miswada mingi ya hadithi za watoto, na siku hizi nikifika ukurasa wa pili huwa nimeshajua mwisho. Mtoto alikuwa mtoro, mwalimu mwenye busara akamwonya, akajirekebisha, akashika namba moja, baba akamnunulia baiskeli. Laiti baiskeli zote nilizokutana nazo kwenye miswada zingekuwa za kweli, hakuna mtoto Dar es Salaam angegombania daladala.

Wanaoandika hivyo si wavivu. Wengi wetu tulilelewa na ngano, na ngano ina ruhusa zake. Fisi ni mlafi toka mwanzo hadi mwisho na hakuna anayeuliza kwao wanakula nini katikati ya wiki. Hadithi ya shule na nyumbani haina ruhusa hiyo, kwa sababu msomaji wake anaishi humohumo. Anajua kwamba kengele ni ringi ya gari iliyoning'inizwa mwembeni. Anajua kwamba wapo wanaoingia asubuhi na wapo wanaoingia mchana kwa kuwa madarasa hayatoshi, na kwamba anayekuja mchana hukuta dawati lina vumbi la chaki na maganda ya machungwa ya mwenzake. Mwandishi akikosea hapo, mtoto hamwandikii barua ya malalamiko. Anafunga kitabu tu, anakwenda kucheza rede.

Wanaokuja kwangu kujifunza huuliza waandike kuhusu nini. Nawaambia watafute jambo dogo ambalo kwa mtoto ni kubwa, na kama linahusu hela, waitaje ni shilingi ngapi. Maisha ya mtoto wa mjini yanahesabika. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200. Kwenda na kurudi ni 400. Nje ya hapo kuna ubuyu, barafu na kashata, na kuna bibi anayejua kila sarafu ilikotoka.

Chukua mfano huu ninaoutumia darasani. Mwanaidi yuko darasa la nne, anakaa Buza kwa bibi yake, anasoma Temeke. Asubuhi amepewa sarafu mbili za mia mbili, zile zenye simba. Kituoni konda anaziba mlango kwa mkono: madenti wawili tu, na wawili wameshapanda. Inapita ya pili, inapita ya tatu. Mwanaidi anatembea, anafika amechelewa, anaadhibiwa kumwagilia maua ya ofisini. Mpaka hapo mwandishi yeyote angefika. Utamu unaanza jioni, pale Mwanaidi anapobaki na mia mbili ambayo haikutumika asubuhi.

Hiyo mia mbili ni balaa. Akiirudisha, bibi atauliza alikwendaje shule, na akisikia mjukuu wake katembea peke yake kandokando ya barabara kubwa, kesho hatamwacha atoke bila kusindikizwa na kaka yake, jambo ambalo Mwanaidi halitaki kwa sababu anazozijua mwenyewe. Asipoirudisha, je, ameiba? Ananunua ubuyu, anaula njiani, midomo inakuwa myekundu. Mwandishi anayeanza atamleta mjomba hapa kutoa nasaha kuhusu uaminifu. Mimi namleta bibi, anaitazama ile midomo, halafu anasema chumvi imekwisha, kuna mtu ana mia mbili? Mtoto anayesoma anaelewa kwamba bibi keshajua. Hakuna haja ya kuandika kwamba bibi alijua.

Salamu nazo ni kipimo. Mswada wa kwanza wa mtu huwa umejaa shikamoo na marahaba, mistari sita kabla ya mtu kusema alichokuja kusema. Nafuta karibu zote. Naacha moja tu, ile isiyotolewa. Mwanaidi akiingia uani na kupita moja kwa moja chumbani, kimya, bibi anayechambua mchele hahitaji kuambiwa kwamba mjukuu ana jambo. Kwetu sisi shikamoo iliyokosekana ina kelele kuliko mtu kulia.

Sasa tuseme la fimbo, maana hapo ndipo waandishi huingiwa na woga. Kwa Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkabidhi kazi hiyo kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Lakini shule nyingi za kwenye vitabu vyetu hazina hata ufito. Walimu wote hutabasamu. Mwandishi anawaza kwamba kitabu kinachotaka kuingia shuleni kitapimwa kwanza na Taasisi ya Elimu Tanzania, basi anajihariri mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu, na mzazi anayedanganya au mwalimu anayekosea anaondolewa mapema. Kinachobaki ni watu wazima ambao hakuna mtoto amewahi kukutana nao.

Si lazima uandike kipigo. Kwenye hadithi ya Mwanaidi nilimweka mwalimu wa zamu getini, fimbo kwapani, kachoka. Maandishi yanasema tu kwamba alimuuliza kwa nini amechelewa, kisha akamwelekeza kwenye ndoo. Lakini nilimwomba mchoraji arudi kwenye ukurasa wa kituoni, na katika dirisha la ile daladala ya kwanza amchore mwalimu huyohuyo, amekaa, pochi mapajani, anaangalia nje. Kumbe aliona kila kitu! Maandishi hayamtaji. Watoto humgundua wenyewe, na wakishamgundua hurudi kusoma upya yale maneno ya getini kwa jicho jingine. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya picha katika kitabu cha mtoto. Picha inayorudia tu kilichoandikwa ni wino uliopotea.

Kuhusu lugha nina machache. Kitenzi chetu hubeba sentensi nzima tumboni, na mtoto anayesoma kwa silabi akikutana na "asingemsubirisha" hufika mwisho keshasahau mwanzo. Kivunje. Epuka pia kumwambia msomaji kwamba fulani alisikitika sana. Na hesabu kurasa mapema: vitabu hivi vyembamba huwa na kurasa 16, 24 au 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa mara kadhaa ndipo ikatwe, kwa hiyo hadithi ya kurasa 19 itakupa kurasa tupu au itakatwa.

Nikimaliza rasimu sipeleki kwa mwalimu mwenzangu. Nakaa mkekani na watoto wa jirani, nasoma kwa sauti, naangalia ni wapi wanaanza kuchokozana. Hadithi ya Mwanaidi ilisahihishwa hapo. Mwanzoni konda alisema "wanafunzi wawili tu", wakacheka mpaka nikabadilisha. Mmoja akasema ubuyu wa mia mbili hauliwi ukaisha njiani, labda uwe na mwenzio, ndipo nikamwongeza rafiki. Halafu wakaanza kubishana ile mia mbili ilikuwa ya nani hasa. Wawili walisema ya bibi. Mkubwa wao akasema ya Mwanaidi, maana miguu iliyotembea ni yake. Mdogo kabisa akashikilia kwamba ni ya konda, kwa sababu bibi alipoitoa aliitoa iwe ya konda. Walinogewa, wakanisahau. Ukurasa wa mwisho sasa ni Mwanaidi na rafiki yake wanabishana hivyohivyo, ndimi nyekundu, wamekalia kidumu.