Nyoka Wala Mayai wa Pwani ya Afrika Mashariki

Nyoka wa pwani ya Kenya na Tanzania wanaotajwa sana ni wale wenye sumu: koboko, mamba wa kijani, swila, kifutu. Nyoka wala mayai hawatajwi, ingawa kwa maumbile wanawapita wote. Aina mbili zinapatikana ukanda huu. Dasypeltis scabra, wa kahawia mwenye mabaka, ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Dasypeltis medici, mwembamba na mwekundu wa udongo, ni wa misitu ya pwani kuanzia Kenya hadi Msumbiji.

Chakula chao ni mayai ya ndege tu, hivyo msimu wa kutaga ukipita hufunga kwa miezi. Usiku nyoka hupanda mti hadi kwenye kiota cha kwera na kulipapasa yai kwa ulimi. Likiwa limeoza huliacha. Likimridhisha hulimeza zima, hata kama ni pana kuliko kichwa chake mara kadhaa. Taya huachana, ngozi ya shingo huvutika mpaka magamba yakatengana, na tundu la pumzi husogezwa mbele ili asikabwe.

Meno ya kinywani ni madogo mno, hayavunji kitu. Kazi hiyo imeachiwa uti wa mgongo. Pingili za nyuma kidogo ya kichwa zina vichomozo vinavyoelekea chini na kupenya ukuta wa umio, vingine butu, vingine vikali vilivyoinama mbele. Yai likifika hapo, nyoka hujipinda na misuli hulikandamiza juu ya vichomozo hadi ganda lipasuke. Kinachofuata ni kama kukamua nazi kwa kifumbu: misuli husokota, ute na kiini hushuka tumboni kama tui, na ganda hubaki juu kama chicha, vipande vyake vikiwa vimeshikwa na utando wa ndani. Chicha hiyo hutapikwa ikiwa imekunjwa vizuri, karibu kavu.

Kwa kujihami, nyoka hawa hujikunja na kusuguanisha magamba ya ubavuni yenye meno kama ya msumeno, ukasikika mfoko wa nyoka mwenye sumu. Hupanua kinywa na kurukia adui, bila sumu wala jino la kuumiza. Scabra, kwa mabaka yake, huuawa mara nyingi akidhaniwa kifutu.