Fundichuma, Mkandikaji wa Ruaha Mdogo

Je, wajua kwamba yupo ndege wa takriban nusu kilo anayejenga nyumba imara kiasi cha kuweza kubeba uzito wa mtu mzima? Shuka kutoka Iringa mjini hadi Ipogolo, ufuate kingo za Ruaha Mdogo asubuhi, macho yakiwa kwenye panda za miti mikubwa. Ukiona kitu kama mzigo wa kuni uliosahaulika mtini, simama hapo. Hicho ni kiota cha fundichuma.

Mwenyewe hana madoido. Ni wa kahawia mwili mzima, urefu sentimita 56 hivi, na kisogoni ana kishungi kilicholala. Mdomo mnene mbele, kishungi nyuma, kichwa chote kinakuwa nyundo. Makaburu wa Afrika Kusini nao waliiona nyundo hiyo, wakamwita hamerkop. Wanasayansi humwita Scopus umbretta, na katika familia yake yuko peke yake. Jamaa zake wa karibu ni mwari na korongo-nyangumi.

Jina limempa kazi ya uhunzi, lakini ufundi wake hasa ni wa fito na udongo, kama wa wazee wetu waliojenga nyumba za kukandika. Dume na jike hufanya kazi pamoja. Huanza na jukwaa la vijiti kwenye panda ya mti, wakivishikanisha kwa tope la mtoni. Kisha huinua kuta, mwisho huziba juu kwa kuba nene. Mlango huwekwa chini, upana wake sentimita 13 hadi 18, nao hufunguka kwenye ujia uliokandikwa vizuri, wenye urefu unaoweza kufika sentimita 60. Mbele ya ujia huo kuna chumba cha kuwatosha wazazi na makinda. Kazi huchukua wiki 10 hadi 14, na mtafiti mmoja alikadiria kwamba kiota kimoja hula vijiti na vishada vya nyasi 8,000 hivi. Kikikamilika, upana wake huweza kufika mita moja na nusu. Fikiria safari zote hizo, kijiti baada ya kijiti, kwa mdomo mmoja.

Jike hutaga mayai 3 hadi 7, nayo huatamiwa kwa siku 30 hivi. Makinda huruka wakiwa na siku 44 hadi 50. Chakula chao kikubwa ni vyura, viluwiluwi na samaki wadogo.

La ajabu zaidi kwangu ni kwamba jozi moja hujenga viota kadhaa, hata pale isipokuwa na haja ya kutaga. Wapangaji hawakosekani. Bundi wakati mwingine huwafukuza wenye nyumba, akaishi yeye. Nyoka na kanu huhamia kwenye mahame, na kwera na njiwa hujibandika ukutani kwa nje. Jozi moja ya fundichuma huweza kuwapa makazi wanyama wengi.

Katika jamii nyingi za Afrika ndege huyu huogopwa. Wapo wanaoamini kwamba anayebomoa kiota chake hujiitia radi au mkosi. Imani hiyo haina ushahidi, ila imemwepusha na manati nyingi.

Mabwawa na mifereji ya watu hayamkimbizi. Kinachomwangusha ni shoka. Wakati wa kiangazi tunashuka mabondeni kulima vinyungu, na mti wa ukingoni huonekana unaziba jua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ndugu msomaji mwenye shamba bondeni, mti wenye panda nene karibu na maji uuache usimame.