Mtoto mgonjwa wa Mabanga atacheza wapi?

Anayetaka kutenga mahali pa watoto kuchezea katika hospitali ya Mabanga aanze kwa kutazama chini. Mtaa huu wa komini ya Karisimbi, kama sehemu kubwa ya Goma, umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, volkano iliyomwaga lava hadi katikati ya mji Januari 2002, kisha hadi pembezoni Mei 2021. Jiwe hilo jeusi limejaa matundu yenye kingo kali, na mtoto akiliangukia goti huchanika. Basi fedha za kwanza ziende kwenye sakafu ya saruji laini, mkeka wa plastiki unaopigika deki, paa, na ukuta mfupi ambao mama aliyeketi anaona juu yake. Twiga wa kuchorwa ukutani watasubiri.

Kuna watakaouliza kama huu ni wakati wa michezo. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, hospitali kama CBCA Ndosho zilipokea majeruhi kupita vitanda vyake. Swali hilo lina haki yake, ila linauchukulia mchezo kuwa anasa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 kuhusu utapiamlo mkali, maradhi ambayo Kivu inayajua mno, unataja hatua 10 za matibabu. Ya 9 ni kumchangamsha mtoto, ikiwemo kumchezesha kwa mpango dakika 15 hadi 30 kila siku. Nyuma yake kuna ushahidi. Huko Jamaika, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuatilia watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali, wakaona kwamba waliochezeshwa wodini na baadaye nyumbani walikua kiakili kuliko wenzao waliopata matibabu ya kawaida tu. Maziwa ya tiba yanarudisha uzito. Kuzungumza na kushika vitu kunahitaji mtu wa kucheza naye. Na dakika 15 zinapatikana hata kando ya kitanda, kwa hiyo siku chumba cha michezo kikichukuliwa na majeruhi, muda wa mchezo usichukuliwe nacho.

Pingamizi zito zaidi ni maambukizi. Goma imezoea kipindupindu, na mwaka 2024 mpox ilifika hadi kambi za wakimbizi wa vita. Mtoto anayeharisha au mwenye vipele asiingie chumbani. Apelekewe kitandani kitu chake, ambacho hakitarudi kwa wengine kabla ya kusafishwa. Midoli ya kitambaa, hata ikiletwa kwa moyo mweupe, ni bora ikataliwe, maana inanyonya mate na haikauki upesi. Plastiki ngumu huoshwa kwa sabuni, huloweshwa katika maji ya klorini, husuuzwa, huanikwa. Kazi hiyo inakula maji, na kwa watu wanaoyabeba kwa bidoni hilo si jambo dogo. Vitu vichache vinavyooshwa kila jioni vinashinda sanduku zima lisiloguswa. Chukudu ndogo, yaani mfano wa skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ingewafurahisha watoto wa Goma kuliko gari lolote la dukani, mradi ipigwe msasa na rangi ya mafuta, isibaki mbao mbichi. Kisha awepo mfanyakazi mmoja mwenye zamu inayojulikana, anayehesabu vitu asubuhi na kufundisha akina mama namna ya kuwachezesha watoto wao. Bila yeye, chumba kitageuka stoo.