Lenzi Moja, Dhana Nne

Neno "lenzi" limekwisha kuwa la Kiswahili, wala hatuna ugomvi nalo. Utata huzuka linapobebeshwa dhana nne kwa pamoja. Tuchukue mfano wa mkazi wa Kilosa au Mikumi asiyeweza kuvumilia miwani: fremu humbana, jasho huiteremsha puani, kichwa humuuma. Akiambiwa na daktari, "Tutakubadilishia lenzi," ataelewa kwamba atapewa vioo vipya, kumbe aliyesema amekusudia upasuaji. Mtu huweza kukubali jambo asilolijua kwa sababu ya neno moja tu.

Kwa hiyo tunapendekeza kilichomo katika fremu kiendelee kuitwa "kioo cha miwani", kama watu wasemavyo. Tena yafaa ikumbukwe kwamba adha ya miwani huweza kutokana na kipimo kisicho sawa, au vioo ambavyo kitovu chake hakielekeani na mboni. Kupimwa upya ndiyo njia ya kwanza, na iliyo rahisi kuliko zote.

Dhana ya pili ni ile lenzi nyembamba ikaayo juu ya jicho lenyewe. Wako waiitao "lenzi mguso". Sisi tunaona "lenzi ya kubandika" inaeleweka upesi zaidi. Lenzi hiyo haioshwi kwa maji ya bomba, sembuse ya mto Mkondoa, kwani maji huweza kuwa na vijidudu viletavyo vidonda katika konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Penye vumbi, au kwa mwenye macho makavu, huwasha.

Dhana ya tatu ni "lenzi asilia", iliyo nyuma ya mboni, ambayo ikiingia ukungu twasema mtu ana mtoto wa jicho. Ya nne ni "lenzi pandikizi". Ya kwanza ilipandikizwa na Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Hapa ndipo penye hatari kubwa ya kutoelewana, maana lenzi pandikizi huweza kuwekwa huku lenzi asilia ikiachwa mahali pake, au ikaondolewa kabisa. Hali ya kwanza tuiite "kuongeza lenzi"; ya pili pekee ndiyo "kubadilisha lenzi asilia". Aliyebadilishiwa huweza kuhitaji miwani ya kusomea hata baada ya upasuaji, na huyo ndiye aliyekuwa akiikimbia miwani!

Imebaki njia ya leza, ambayo haihusu lenzi hata kidogo. Mwale huondoa sehemu ndogo sana ya konea ili kuubadili mkunjo wake. Haimfai mwenye konea nyembamba mno, na huweza kuzidisha ukavu wa macho; aliyeshindwa na lenzi za kubandika kwa ukavu hana budi kuliuliza hilo mapema. Baadhi yetu walipendelea "kurekebisha konea", kwa kuwa "kuchonga" humtisha mgonjwa. Lakini "kurekebisha" huficha kwamba kitu kinaondolewa na hakitarudi. Tumechagua "kuchonga konea".