Sura ya Tano: Mlango Mwembamba

Katika miaka ya 1980, mzazi wa Tanzania aliyempeleka mtoto sekondari ya binafsi hakuwa na la kujivunia mbele ya majirani. Kufaulu darasa la saba kulimaanisha jambo moja tu: jina la mtoto limo kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari ya serikali. Aliyelipiwa ada ni yule aliyekosa. Leo ni kinyume chake. Anayelipa ada ndiye anayeonekana kumpenda mwanawe. Ili kuelewa mgeuko huo, turudi nyuma.

Serikali haikuwa mwalimu wa kwanza. Pwani, watoto walisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani karne nyingi kabla ya mkoloni. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, wakitafuta makarani na maakida, lakini bara kazi kubwa ilifanywa na wamisionari. Waingereza waliowafuata Wajerumani waliona nafuu kuwapa wamisionari ruzuku kuliko kujenga shule zao wenyewe kila mahali. Kwa hiyo Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sehemu kubwa ya shule ilikuwa mikononi mwa makanisa, na maeneo ambayo misheni haikufika, hasa yenye Waislamu wengi, yalibaki nyuma.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ililenga kuziba pengo hilo. Shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa za umma, pamoja na shule ya Pugu, ambako Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwahi kufundisha. Seminari, kwa kuwa ziliandaa mapadri, ziliachiwa kanisa.

Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974: kila mtoto aingie darasa la kwanza. Mamia kwa maelfu wakaandikishwa, lakini sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Chini ukafunguliwa mlango mpana, juu ukabaki mwembamba. Kati ya watoto 100 waliomaliza darasa la saba, hata 10 hawakupata nafasi katika sekondari ya serikali. Wazazi hawakukaa kimya. Kilimanjaro, kwenye fedha za kahawa na makanisa yenye mizizi, wananchi walichanga, wakajenga. Jumuiya ya Wazazi ya chama tawala nayo ikafungua shule zake. Kufikia mwaka 1990, sekondari zisizo za serikali zilizizidi za serikali kwa idadi, katika nchi iliyojiita ya kijamaa.

Mgeuko ulikuja baadaye. Miaka ya 1990 shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza zikachipua mijini. Kuanzia mwaka 2006 shule za kata zikajengwa kwa wingi, na mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Nafasi ikapatikana, lakini madawati, maabara na walimu wa hesabu vikachelewa. Majina ya seminari, zilezile zilizoachwa mwaka 1969, yakazoeleka juu ya orodha za matokeo.

Basi ada ina historia yake. Jana mzazi alilipia nafasi, kwa sababu serikali ilikuwa na nafasi chache. Leo analipia jicho la mwalimu, kwa sababu darasani kuna watoto wengi mno. Ukitaka kujua shule ya umma imepungukiwa nini, tazama mzazi anakwenda kununua nini kwingineko.