Fahamu: Floraidi katika maji ya kisima

Ni nini?
Ni madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba, hasa ya volkano, na kuingia katika maji ya ardhini. Madini haya yanafahamika sana Arusha na Kilimanjaro.

Yana madhara gani?
Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia. Yakizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika.

Ufanyeje?
Macho hayatakwambia kitu; peleka maji maabara. Kuchemsha huua vijidudu tu, na maji yakipungua sufuriani floraidi hukolea. Klorini nayo haiiondoi. Chujio la mkaa wa mifupa, lililofanyiwa utafiti Ngurdoto, Arusha, huinasa, mradi mkaa ubadilishwe kwa wakati. Ukikosa chujio, kunywa maji ya mvua yaliyochemshwa. Ya kisima yawe ya kufulia.