Ununuzi wa tarakilishi: Nembo ya i7 si hakikisho la kasi

WANUNUZI wengi wa tarakilishi za nyumbani huingia dukani na swali moja tu: i3, i5 au i7? Wengi huamini kwamba kadiri nambari inavyopanda ndivyo mashine inavyokuwa bora. Ni dhana inayowafaidi wauzaji wa mitumba kuliko wateja.

Jina Core i7 lilianza kutumiwa na kampuni ya Intel mwaka wa 2008, na tangu hapo limebandikwa kwenye vizazi vingi vya prosesa, yaani ubongo wa tarakilishi. Kinachofichua umri ni tarakimu zinazofuata nembo hiyo. Prosesa ya i7-2620M ni ya kizazi cha pili, ilitolewa mwaka wa 2011, na ina viini viwili pekee vya kufanyia kazi. Ile ya i5-8250U, ya kizazi cha nane iliyotolewa mwaka wa 2017, ina viini vinne. Anayelipa zaidi kwa ajili ya i7 hiyo kuukuu huwa amenunua jina.

Suala la kizazi lilipata uzito zaidi Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kwa jumla, Windows 11 hudai prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine ya zamani haikuzimika siku hiyo. Hata hivyo, mianya mipya ya usalama isipozibwa, anayeitumia kuingia katika akaunti ya benki au kuwasilisha ritani za ushuru hujiweka hatarini. Mwenye mashine kama hiyo anaweza kuweka Linux, isiyolipiwa, mradi programu anazozitegemea zifanye kazi humo.

Je, kazi za nyumbani huhitaji nguvu kiasi gani? Kuandika barua, kuweka hesabu za duka, kutazama video na kufuatilia masomo mtandaoni ni mambo yanayomudiwa na prosesa ya kawaida ya kizazi hicho cha nane. Aghalabu kinachokwamisha ni kumbukumbu. Microsoft hutaja gigabaiti 4 kuwa kima cha chini cha Windows 11, lakini anayefungua kurasa kumi za intaneti huku akiwa kwenye mkutano wa video ataona mashine ikijikokota. Gigabaiti 8 zinatosha familia nyingi; 16 ni za mwenye kuhariri video. Vipakatalishi vingine vyembamba vina kumbukumbu iliyochomelewa, hivyo haiwezi kuongezwa baadaye.

Kisha kuna diski. Ile ya kuzunguka husoma takribani megabaiti 100 kwa sekunde, ilhali SSD ya kawaida hukaribia 500, tena haina sindano ya kuhangaika ikitafuta faili. Kwa mwenye fedha chache, i3 yenye SSD ni afadhali kuliko i7 yenye diski ya kuzunguka.

Kabla ya kulipa, mteja adai mashine iwashwe, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha afungue sehemu ya Performance. Jina kamili la prosesa, kiasi cha kumbukumbu na aina ya diski huonekana hapo. Muuzaji akidai betri imeisha moto, atafute waya.